Mtafuta Watu wa Mwalimu

Nimeishi miji mingi tangu nitoke Kawangware, na kila mmoja nimeuacha kabla haujanizoea. Kazi nazo nimefanya nyingi, lakini inayonichekesha hadi leo ni ile ya miaka ya sabini ikielekea mwisho, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vilivyokwisha visigino.

Mwanamke mmoja wa chuo kikuu alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya udaktari. Alitaka kujua mtu hujifunzaje sura ya mgeni, na akikutana nayo tena huitambuaje. Alipiga picha watu wa Kawangware, wote nywele zimefunikwa kwa kitambaa cheusi, akazionyesha Kibera. Za Kibera akazionyesha kwetu. Kazi yangu ilikuwa kumtafutia watu wa kutazama picha hizo, na baada ya wiki kumletea wale wale, picha zikiwa zimechanganywa na nyingine mpya. Mtu alitakiwa kusema tu: huyu nilimwona, huyu sikumwona.

Watu walimwita Mwalimu. Wachache, waliposikia neno udaktari, walimletea macho yanayowasha.

Kuna jambo sikumwambia. Mimi sura hazinikai kichwani. Wakati mmoja nilimpita mwenye ploti nilikopanga chumba pale Riruta, kwa sababu alikuwa ametoka kanisani na suti badala ya koti lake la mvua.

"Wewe kijana, umeanza maringo?" akaniita. "Ama umejenga?"

Tangu siku hiyo nikawa namsalimia kila ninayekutana naye, nikasifiwa kwa adabu. Lakini Mwalimu angejua, ningefutwa kazi siku hiyo hiyo. Nani ataajiri mtafuta watu asiyewatambua? Nikanunua kijitabu, nikaandika alama: kofia yenye tobo, jino la dhahabu, mlango wa buluu. Kawangware alama hizo zilinitosha, maana fundi wa viatu hahami kibanda chake.

Kibera ndiko nilikonaswa. Katika nyumba moja ya Wanubi nilimpata mama mcheshi, nikaandika: leso ya manjano, maua ya korosho. Wiki ilipoisha nikarudi, nikaona mlangoni mama aliyejifunga leso ile.

"Mama, leo ndiyo siku yetu ya picha."

"Ya picha? Haya, twende."

Mwalimu alipanga picha mezani, moja baada ya nyingine.

"Sikumwona," mama akasema. "Huyu pia sikumwona. Huyu nimwone wapi?"

Hakutambua hata moja. Mwalimu akaziacha picha, akasogeza kiti chake karibu naye. Alikuwa ameniambia kwamba wapo watu wachache sana ambao macho yao ni mazima lakini hawawezi kushika sura, na miezi yote ile hakuwa amempata hata mmoja.

"Mama," akauliza polepole, "majirani zako unawatambua?"

"Nisiwatambue kwa nini? Kibera hii naijua mpaka mbuzi wake."

"Na picha hizi za wiki jana?"

"Wiki jana alikuja dada yangu. Leo yuko harusini, nikaona nisiwaangushe. Si nyumba ni moja?"

"Na leso?" nikadakia.

"Kwani wewe umeona wapi leso ikiuzwa moja? Kipande chake, kipande changu." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Kijana wako haoni? Dada yangu ni mrefu, tena ana mwanya. Mimi mwanya niutoe wapi?"

Mwalimu akanyoosha mkono, nikampa kijitabu. Alisoma ukurasa, akafungua mwingine.

"Hamna hata pua moja humu," akasema.

Nikaungama yote, nikangoja kufukuzwa. Badala yake aliniketisha kwenye kiti cha mama, akanionyesha picha ambazo nilikuwa nikizibeba mfukoni kwa miezi. Nilikosea nyingi kuliko nilizopata. Ya mwisho niliitazama sana: kijana mwembamba, masikio makubwa.

"Huyu sikumwona."

"Huyu ni wewe," akasema Mwalimu. "Nilikupiga siku ya kwanza, nikijaribu kamera."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Mwalimu naye akacheka, kisha akavuta karatasi safi na kuandika haraka haraka. Alipomaliza alisema nisimletee mtu tena peke yangu. Kila Jumatano niketi mimi mwenyewe ili ajue ninaonaje, na siku nyingine kazi iendelee kama mama atakubali kufuatana nami.

"Nitafuatana naye," mama akasema. "Huyu akiachwa atawaletea ng'ombe."

Asubuhi iliyofuata tulianza safu ya nyumba za juu. Mama alitangulia, akibisha na kusalimia, nami nyuma na orodha.

"Huyu ndiye, mwandike," alisema kwenye mlango wa kwanza. Kwenye wa pili akanisukuma nyuma kwa kiwiko. "Huyu siye. Huyu ni shangazi yake, anajifanya ndiye. Shangazi, hebu ingia ndani umwite mwenyewe!"

Shangazi akaingia ndani akicheka, nikasikia akimwita.