Dua ya Shukrani kwa Taya Langu

Mimi ni mshereheshaji wa harusi hapa Kibaha. Mdomo ndio jembe langu. Kwa hiyo daktari aliponionyesha picha ya taya langu, na doa jeusi pale ulipopaswa kuwepo mfupa, sikuuliza swali la mtu mwenye akili. Niliuliza kama nitabaki na pengo.

Akanieleza polepole kwamba ule ni mfuko wa maji wenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu, na kipande cha ngozi kikibaki, mfuko unaota upya. Jino lililokaa juu yake nalo ling'olewe, maana nyuma ya mzizi ndiko ngozi hujificha. Nikamwambia, "Dokta, hilo niachie, linaonekana nikicheka. Nina harusi tatu mwezi ujao." Mjinga mimi! Akanisainisha kwamba nimekataa, akakwangua alipoweza kufika, akasisitiza nirudi kila mwaka kupiga picha hata nisipoumwa.

Nikapona. Shangazi yangu wa Kisarawe, aliyenilea, na ambaye hajakosea tangu azaliwe, akaita watu, pilau likapikwa, ikasomwa dua ya shukrani. Mwaka ulipotimia nikamuaga kwamba naenda kupiga picha. Akanitolea macho.

"Tumeshashukuru mbele za watu, unarudi kutafuta nini? Unataka tuonekane tulishukuru uongo?"

Na mimi, mwanaume mzima, ninayewasimamisha na kuwaketisha wazee wa watu kwa kipaza sauti, nikanywea. Mwaka wa pili sikungoja hata kukatazwa. Nilikuwa napita nje ya hospitali nikiwacheka waliopanga foleni.

Mwaka wa nne jino likaanza kucheza. Lile lile nililolipigania! Shangazi akasema nisukutue maji ya chumvi. Nikasukutua miezi miwili, bwege mkubwa.

Picha mpya ilionyesha doa limekula nusu ya taya. Daktari hakunisuta, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema safari hii atakata na mfupa wenyewe, mdomo wa chini huenda ukafa ganzi, na maneno mengine yatanishinda kutamka. Shangazi, aliyekaa pembeni yangu, akaanza habari za dua.

"Shangazi, naomba unyamaze."

Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo maishani. Daktari akavuta fomu.

"Kazi yako?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Shangazi alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akanijibia.

"Anaongea," alisema. "Kazi yake ni kuongea."