Uzi wa Katani kwenye Kope ya Waseme

Nakumbuka mwaka ule mahindi yetu yalipoanza kutoa ndevu, nikajipa udaktari ambao hakuna aliyenipa. Naona na wewe, mwanangu, umemshika mbwa wako kichwa, na uzi unakuning'inia mfukoni. Uache hapo hapo. Kaa kwanza.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Tulikaa mlimani juu ya Soni, mimi na bibi yangu mzaa baba. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, basi nikajiona nimeimaliza dunia. Mdomo nilikuwa nao. Msibani tu ndio nilikuwa sifanyi utani, na hata huko nilikuwa nangoja wamalize kuzika.

Mbwa wetu aliitwa Waseme. Bibi ndiye alimpa hilo jina kwa ajili ya jirani mmoja mwenye maneno mengi; akitaka kumjibu, anasimama uani anamwita mbwa kwa sauti. Lakini kazi ya Waseme hasa ilikuwa shambani. Shamba letu liliteremka mpaka ukingoni mwa msitu, na ngedere walikuwa wanatoka humo mchana kweupe, bila aibu, kama waliopanda wao. Wakimwona Waseme, hao juu ya miti. Bila Waseme, mwanangu, tulikuwa hatuvuni.

Basi akaota kinyama kwenye kope ya juu, jicho la kulia. Kilianza kama punje ya ulezi, kikawa kama kunde. Jicho likawa jekundu, linatoa machozi, yeye analikuna kwa mguu na kulisugua ukutani. Bibi akasema, "Siku ya soko tumpeleke kwa bwana mifugo." Huyo alikuwa mtu wa Tanga, kila siku ya soko yupo Soni anakagua mbuzi wa kuchinjwa.

Soko lilikuwa siku nne mbele. Mimi nikaona nne nyingi. Si mwaka uliopita nilikuwa na chunjua kidoleni, nikaifunga kwa uzi wa katani kama tunavyofanya wote huku, ikanyauka ikadondoka? Nikawaita wenzangu. "Kope na kidole si ngozi ile ile? Njooni mwone daktari wa mbwa!" Wakamshika, nikafunga. Fundo zuri kabisa, ila ncha mbili za uzi nikaziacha zimesimama, eti kesho nizivute kukaza. Wakanipigia makofi. Makofi, mwanangu, yamewaponza wengi.

Unaujua uzi wa katani ukikauka. Kila Waseme akipepesa, zile ncha zinakwangua jicho. Siku ya pili limevimba, limefumba, linatoa usaha. Nikalifumbua kwa vidole. Kioo cha jicho kilikuwa kimeingia ukungu, kama maji uliyooshea kibuyu cha maziwa. Mwenzangu mmoja akanishauri nimpulizie ugoro, eti unakausha. Nami nikaenda kumwomba bibi ugoro.

"Wa nini? Wewe hunusi."

"Wa Waseme, bibi."

"Na yeye ameanza lini kunusa?"

Nikacheka. Bibi hakucheka. Akatoka nje, akamwona mbwa. Akaenda kwenye kamba ya mbuzi, akachomoa uzi mmoja wa katani, akanipa.

"Tia jichoni mwako."

"Bibi, unatania."

"Mtani humu ndani ni wewe. Tia."

Nikagusisha ncha tu. Machozi yakanibubujika, mguu ukapiga chini wenyewe. Sikufika hata kuhesabu kumi, nikautupa.

"Yeye ana siku mbili," bibi akasema. "Na hana vidole vya kuutolea."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huo shuleni nilikuwa naukariri kwa sauti kuliko wote. Siku ile ndio nikaulalia.

Bibi akaukata uzi kwa mkasi wake wa kushonea, taratibu, ncha ya mkasi ikitazama mbali na jicho. Akachemsha maji na chumvi kidogo sana, akayaacha yapoe, akachovya kitambaa safi, akaosha kuanzia pembe ya puani kwenda nje. Kila akipitisha, anageuza upande mpya wa kitambaa. Halafu akachukua kikapu kibovu, akakikata kitako, akamvisha Waseme shingoni ili mguu usifike jichoni. Mbwa akawa kama bibi harusi aliyetoroka. Nikafungua mdomo niliseme hilo, bibi akanitazama, nikaufunga.

"Sasa shambani nani?" akauliza.

"Si Waseme..."

"Waseme mgonjwa, na aliyemuumiza tunamjua. Mpaka apone, mbwa ni wewe."

Nikawa mbwa. Kutwa napanda nashuka ule mteremko, napiga kelele, na ngedere wako tawini wananitazama huku wanatafuna. Wale wale walionipigia makofi wakipita njiani wanaita, "Waseme! Kamata!" Na mimi, na mdomo wangu wote, nikaendelea kuwabwekea ngedere.

Siku ya soko nikambeba Waseme mgongoni kwa shuka, na kikapu chake, mpaka Soni kwa bwana mifugo.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nani amemfunga huyu?"

Ningeweza kusingizia mtu. "Mimi."

Akaligeuza jicho kwenye mwanga. "Kinyama chenyewe kilikuwa kazi ndogo. Lakini kidonda hiki kwenye kioo cha jicho umekitia wewe. Kinyama nitakikata. Jicho sikuahidi."

Akatia ganzi, akakata, mimi nimeshika kichwa. Akanipa dawa ya kupaka, nikaipaka kama alivyosema, bila kuongeza akili zangu.

Wiki ya tatu niko shambani, sauti imenikauka, ngedere dume akashuka upande wa kulia. Upande wa jicho bovu. Kabla sijainuka, kitu kikanipita na kikapu shingoni: Waseme, ametoroka nyumbani. Ngedere akaangusha hindi, akapotea msituni. Waseme alimwona, mwanangu! Alimwona kwa jicho lile lile. Doa jeupe lilibaki mpaka anakufa, lakini lilikuwa linaona.

Bibi alikuwa amemfuata nyuma, anahema. Akaniambia, "Haya. Umefukuzwa kazi."

Kwa hiyo nisikilize. Kinyama cha kwenye kope usikifunge, usikikate kwa wembe, na jichoni usitie ugoro wala dawa ya jirani. Osha kwa maji yaliyochemka yakapoa, zuia asijikune, mpeleke kwa bwana mifugo upesi. Na ukiona ukungu au jicho limefumba, usingoje siku ya soko wala siku gani, nenda leo. Mimi soko ndio nililingoja, na kidogo linigharimu. Na jambo lililokutibu wewe kidoleni, usifikiri umeshalijua kwa jicho la mwingine. Ukikosea, sema "mimi". Inauma mara moja tu.

Mungu akupe jicho la kuona mapema na mkono usio na papara, na kila unayemfuga akuone mpaka uzeeni.

Haya, nipe huo uzi. Kikapu kibovu kiko nyuma ya mlango.