Hesabu ya Mama Shija

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu wa kituo chetu kule Korogwe, mama mnene asiyecheka hovyo, alinisimamisha mbele ya foleni ya wajawazito akaniambia maswali ni matatu. Hii ni mimba ya ngapi? Umezaa watoto wangapi? Walio hai ni wangapi? Kisha akaninong'oneza, “Akisita kwenye la tatu, angalia pembeni. Usimharakishe.” Ninyi vijana mnaouliza huku macho yenu yakiwa kwenye kompyuta, hilo nawaomba mlichukue.

Nilikuwa mkunga Korogwe, Handeni, halafu Morogoro miaka mingi. Nilisikiliza mapigo ya watoto kwa kile kibomba cha mbao kinachowekwa tumboni, nikachora patografu, yaani chati ya kuonyesha uchungu unavyokwenda, chini ya wakubwa wakali na wakubwa wavivu. Wote waliniita Sista. Swali la tatu niliwauliza wanawake wa watu maisha yangu yote, lakini mimi nikiulizwa nilijibu sijajaliwa.

Uongo mtupu. Nilimzaa Zubeda, akafariki kabla ya arobaini. Wazee wakasema nisahau, Mungu ataleta mwingine. Hakuleta. Toka hapo aliyemtaja alikuwa mume wangu peke yake, tena tukiwa wawili ndani: “Mama Zubeda, chai vipi?” Alipofariki mume wangu, hapakubaki mtu wa kuniita hivyo, nami nikaingiwa na hofu moja tu. Nikifa mimi, itakuwa kama yule mtoto hakuzaliwa kabisa.

Nimetoka eda tu, naambiwa nimehamishiwa Bariadi, na nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nikamfuata Mganga Mkuu wa Wilaya ofisini kwake.

“Mzee, ndiyo mnanitupa?”

“Simiyu mkoa mchanga, Sista, wakunga hawatoshi. Kamalizie huko. Mwaka si kitu.”

Mwaka si kitu! Yeye jioni anarudi kwa mkewe.

Nilipanga chumba Somanda, karibu na hospitali, nikanunua kitanda, sufuria moja na kikombe kimoja. Kikombe hicho kiliniuma kuliko safari nzima. Asubuhi watu wananiamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” mimi naitikia “Marahaba,” wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikafundishwa kwamba nami nijibu mwangaluka hiyo hiyo. Michembe, vile viazi vyao vikavu, ilinimaliza meno. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na jua.

Muuguzi Mfawidhi, msimamizi wetu wa wodi ya wazazi, alikuwa binti wa Kisukuma, mdogo kwangu sana lakini mkubwa wangu kazini. Tulikuwa wote kliniki siku alipoingia mama mmoja kutoka Lalago, amesindikizwa na mama mkwe wake, akasema anaitwa Mama Shija. Nikaanza maswali yangu.

“Mimba ya ngapi?”

“Ya tatu.”

“Umezaa wangapi?”

“Watatu.”

“Jamani! Mimba ya tatu bado iko tumboni. Hao watatu umewatoa wapi?”

Akanitazama kwa huruma, akaniita mama kwa Kisukuma. “Mayu, si nimekwambia naitwa Mama Shija?”

Muuguzi Mfawidhi akacheka. “Dada mkubwa, kweli wewe mgeni. Shija ni mtoto anayefuata mapacha. Kabla yake kuna Kulwa na Doto. Ukisikia Mama Shija, pima tumbo vizuri, aliyezaa mapacha anaweza kuleta wengine.”

“Walio hai?” nikauliza.

“Shija,” akasema yule mama, bila kusita. “Wale walikufa wadogo. Lakini nikimwita huyu, na wao nimewaita. Nitawaachaje?”

Nilipima tumbo, mtoto alikuwa mmoja. Nikamwandikia tarehe ya kurudi. Halafu nikaingia stoo, nikakaa juu ya boksi la pamba na kumlilia mwanangu kwa sauti, mtu mzima mimi, na sare yangu.

Uchungu ulipomshika, alinikuta zamu. Akajifungua salama mtoto wa kike, kondo la nyuma likatoka lote, damu ikakata. Namfunika khanga, akaniuliza, kama wanawake wanavyoulizana, “Na wewe Mayu, unao wangapi?”

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Nikaliacha.

“Mmoja,” nikasema. “Zubeda. Alikufa mdogo.”

Hakunipa pole. Aligeuka akamwita mkwewe aliyekuwa mlangoni. “Mayu, njoo umshukuru Mama Zubeda.” Bibi yule akaja, akanishika mikono miwili, akalitaja jina la mwanangu kwa lafudhi yake ya Kisukuma. Kabla sijatoka zamu, wodi nzima ilikuwa inaniita hivyo, hata Muuguzi Mfawidhi.

Sasa nimestaafu, na sikurudi kwetu Korogwe. Ndugu zangu wanapiga simu: unang'ang'ania nini huko, huna mtu, huna shamba? Wengine wanadhani nimepata mume. Nawaacha wadhani. Jana nilikuwa nimelala mchana, jirani akagonga dirisha kwa fujo.

“Mama Zubeda! We Mama Zubeda! Maji yametoka, lete ndoo!”

Nilikuwa macho kabla hajaita mara ya pili. Nikanyamaza kidogo ili aite tena.