Nimeelewa, Dokta

Wodini walimwita Pilipili, naye Silantoi alijua na hakukana. Mtoto wa fundi mwashi wa Sombetini, alisomea udaktari kwa kutukanwa, na sasa alikuwa akisomea ubingwa huku akifundisha vijana wa intani, madaktari wapya walio mafunzoni, katika hospitali moja jijini Arusha. Wakubwa walipompeleka semina ya kufundisha wodini, alikwenda amenuna. Alirudi na hasira mpya. Kumbe miaka yote ile alitukanwa bure!

Jambo lililomkaa rohoni lilikuwa dogo: usimwulize mwanafunzi "Umeelewa?" Nani katika nchi hii amewahi kumjibu mkubwa wake "hapana"? Tangu darasa la kwanza tunaitikia "ndiyooo" kwa pamoja, hata aliyesinzia. Mwambie akuonyeshe, basi.

Asubuhi moja baada ya semina, wa kuonyesha alikuwa Yoeli, intani mpole aliyekuwa akimaliza mafunzo siku hiyohiyo. Kesho angeripoti hospitali ya wilaya, kwenye zamu za peke yake, na hajawahi kutoa maji kifuani kwa mkono wake. Kitandani alilala Namnyaki, mkulima mzee kutoka upande wa magharibi wa Meru, kifua kimejaa maji, akihema kwa shida. Silantoi alimwita koko, yaani bibi, kwa Kimaa chao. Mpango wake ulikuwa mmoja: leo Yoeli anashika sindano, yeye anasimama begani kwake.

Dokta Gadiel, bingwa wa wodi, akapita na raundi ya madaktari. Akamwuliza Yoeli sindano inapita juu ya ubavu au chini yake. Yoeli alilijua jibu, ila akababaika.

"We ulisomea udaktari au uliuokota sokoni Kwa Mrombo?" Gadiel akasema, sauti ikafika hadi mlangoni. Watu wakacheka, maana bosi akitania huna budi kucheka. "Haya, mtoeni maji." Akaondoka.

Yoeli alipokaribia, koko akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Wewe usinichome. Mkubwa wako amesema hujui."

"Koko, anajua," Silantoi akamwambia. "Na mimi nipo hapahapa."

"Kwa hiyo yule mzee ni mwongo?"

Silantoi alimfuata Gadiel koridoni, damu ikimchemka. "Dokta, mgonjwa amekuamini. Naomba urudi umwambie kijana anaweza."

"Semina imewageuza wachungaji!" Gadiel akacheka. "Fanya mwenyewe, mgonjwa asije akatufia."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hapo bosi alisema kweli. Koko alikuwa akiishiwa pumzi, na mkono wa Yoeli hakuutaka. Watu husema hasira hasara. Wapi! Hasira ilikuwa ya Silantoi. Hasara ingekuwa ya mgonjwa fulani huko wilayani, wa kwanza kuchomwa na Yoeli, ambaye hajamtukana mtu.

Akanawa, akavaa glovu, akachoma mwenyewe, harakaharaka. Maji ya manjano yakatiririka. Koko akavuta pumzi ndefu, akamwombea baraka. Yoeli alisimama pembeni ameshika chupa, macho sakafuni.

Kitanda cha pili walikuwa wanamwita. Silantoi akavua glovu, akamgeukia kijana, na kabla hajauzuia ulimi wake swali likamtoka.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, dokta," Yoeli akajibu.