Mwali wa Njano Kiruruma

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo naiona kila nikifumba macho. Nilikuwa kijana wa sekondari, nimerudi likizo kwetu Kiruruma miaka michache kabla ya Uhuru, na kichwa changu kilikuwa kimejaa elektroni.

Usicheke. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba ndani ya atomu elektroni hazizagai ovyo. Kila moja ina ngazi yake, wala haiwezi kusimama katikati ya ngazi mbili. Ukiipasha moto huruka juu. Ikishuka, nguvu iliyoipandisha hutoka kama mwanga, na rangi ya mwanga huo hufuata urefu wa mruko. Kwa kuwa atomu za kila aina zina mpangilio wao wa ngazi, shaba huwaka kijani, na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi huwaka njano. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiutazama hata moto wa jikoni kama mtu anayesoma barua.

Asubuhi ile baba alikwenda Kayanga, akaniachia kazi ya kuwanywesha ng'ombe maji ya chumvi. Chumvi ilikuwa imekwisha. Stoo nilikuta debe lisilo na maandishi, lina unga mweupe. Ng'ombe walikwisha kulizunguka birika la udongo, wanalia. Ili niujue, nikatupa chembe chache za ule unga juu ya makaa ya moto wa pale zizini. Mwali ukageuka njano, njano ya ua la boga.

"Ni chumvi," nilimwambia Babu Kaijage, mdogo wake babu yangu, aliyewachunga ng'ombe wetu tangu kabla baba hajazaliwa. "Elektroni zimesema."

Alisogea, akanusa. "Hizo elektroni zako zinapika nini? Mbona nasikia harufu ya vitunguu saumu?"

"Babu, rangi haidanganyi. Njano hii ni ya sodiamu."

"Sijasema inadanganya, msomi. Chumvi nimeitupa motoni maisha yangu yote. Hupasukapasuka, lakini hainuki." Akanyoosha fimbo kuelekea birikani. "Fumba macho. Unamsikia nani?"

"Fahali."

"Na ndama?"

Nikatega sikio. Ndama watatu walikuwa pale pale wakilia, nami sikuwa nimewasikia hata kidogo.

"Basi usiniambie zizi lina fahali peke yake."

Akafunika debe, akalikalia, akaniamuru niwape ng'ombe maji matupu. Nilimwaga maji nimenuna, mwanangu. Niliona elimu yangu imekaliwa na mzee asiyejua kusoma.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu ule unga kidogo ndani ya karatasi. Akaupasha moto, akanipa chombo chenye kioo cha pembetatu nichungulie. Niliona mstari wa njano, mwembamba, unang'aa gizani. Akaweka chumvi ya mezani: mstari ule ule, mahali pale pale. Nikaanza kutabasamu.

"Sodiamu ipo kweli," akasema. "Lakini hukuuliza yuko na nani. Njano yake ni kali, huwafunika wenzake."

Akaupima kwa njia nyingine, akakuta aseniki, sumu kali. Unga ule ulikuwa dawa ya kuwaogeshea ng'ombe ili kuua kupe, ambayo baba alipewa na rafiki yake akaisahau stoo. Ningeitia birikani, jioni ile zizi lote lingekuwa kimya.

Likizo iliyofuata nilipiga magoti mbele ya Babu Kaijage, nikamweleza yote, na ngazi za elektroni nikamchorea kwa kijiti mchangani. Akainama kuzitazama.

"Na hizo ngazi," akauliza, "nani alipanda akaziona?"

Nikasema sijui.

"Basi rudi ukaulize. Kisha uje unieleze."

Ndiyo nasaha yangu kwako, mwanangu. Dunia ikikujibu, furahi, kwa maana ni jambo la ajabu kwamba kitu kidogo kisichoonekana hutuma rangi yake mpaka machoni petu. Ila jibu lisikupe uhakika unaozidi swali ulilouliza. Sikiliza pia sauti ndogo zilizo chini ya sauti kubwa, na anayekuuliza swali usilojua jibu lake mshukuru kabla hujamkasirikia.

Mungu akupe macho ya kuona mwali, pua ya kunusa moshi, na mtu wa kulikalia debe siku utakapokuwa na haraka.