Masharti Mlangoni kwa Bi Hafidha

Miaka ile ya ruksa kila mtu Mwembesongo alikuwa anafungua kitu: huyu genge, yule mgahawa, mwingine banda la mitumba. Jirani yangu Bi Hafidha, Mluguru wa Matombo, alipangisha vyumba viwili vya uani. Watu hawakukawia kunong'ona kwamba anabagua, anataka Waislamu wenzake tu. Maneno hayo yalimuuma kweli. Akanunua karatasi ngumu, akaandika masharti kwa kalamu nene, akayabandika mlangoni ili kila mwombaji ayasome kabla ya kupiga hodi.

Yalikuwa masharti ya haki, simpambi. Dini haikutajwa. Uwe na kazi, uje na barua ya balozi wa nyumba kumi, uzime redio watu wakilala. La mwisho ndilo lililowashinda wengi: "Atakayemkejeli mwenye nyumba hapati chumba."

Rogers, Mchaga, fundi mitambo kiwandani, alikihitaji chumba kwa udi na uvumba. Alikuwa analala sebuleni kwa rafiki yake, na mkewe alikuwa njiani kutoka Mahenge. Akasoma masharti yote, kisha akamnong'oneza huyo rafiki, "Huyu mama anatafuta mpangaji au mkwe?"

Bi Hafidha alikuwa nyuma ya mlango. "Sharti la mwisho, mwanangu," akasema, akarudi zake ndani. Rogers aliomba radhi mpaka mimi jirani nikaona haya kwa niaba yake. Hakupata kitu.

Kesho yake alikuja kuomba tena, akamkuta mlangoni Salehe, Mnyamwezi wa Tabora, naye anatafuta chumba. Salehe hata shikamoo hakutoa.

"Nyie Waluguru siku hizi nanyi mna nyumba? Babu zangu walipokuwa wanapita hapa na mizigo, si mlikuwa mnajificha mlimani?"

Bi Hafidha akacheka mpaka akashika ukuta. "Karibu, mtani. Chagua chumba."

Rogers akapandwa na hasira. "Mama, na sharti la mwisho? Kumbe watu wanaosema unabagua hawakosei."

Hapo alimgusa penyewe. Kumnyima mtani chumba kwa ajili ya utani, ukoo mzima ungemshangaa. Kuitwa mbaguzi, hataki kusikia. Akaleta kalamu yake, akaongeza chini ya karatasi: "Isipokuwa watani."

"Haya, imeandikwa. Wewe Mchaga una utani na sisi?"

"Sina."

"Basi, mwanangu."

Ijumaa Rogers akarudi na mkewe, Scholastika, vumbi la safari bado usoni. Bi Hafidha akatoka kuwarudisha walikotoka. Scholastika akaisoma karatasi taratibu mpaka chini, kisha akakaa kwenye kiti cha Bi Hafidha bila kukaribishwa.

"Hii nyumba au kichuguu? Na wewe Mluguru, umeshuka mlimani lini hata ukajua kuandika?"

Bi Hafidha akamkazia macho. "Wewe mtoto wa wapi?"

"Mpogoro. Niletee maji, nina kiu."

Bi Hafidha akaitazama karatasi yake, akamtazama yule mwanamke aliyetulia kitini kwake, akaangua kicheko. Alirudi na maji mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili.

Rogers akasogea, uso umechanua. "Ahsante, mama. Hata mimi siku ile nilikuwa natania tu."

"Wewe nyamaza," Scholastika akamkata. "Utatufukuzisha. Wewe huna mtani hapa."