Kengele niliyoisifu kwa adabu

Jamani, leo nimemjua hasidi wangu.

Lile gari letu la kulala watalii, kila wageni wakiondoka nalifukiza udi, milango nimefunga, harufu ikolee.

Kengele yake ya gesi ya sumu ilikuwa ikipiga kelele kila nikiingiza chetezo. Nikaing'oa, nikanunua nyingine. Hii kimya kabisa. Nikaisifu adabu yake mpaka kwa majirani.

Ila kila nikifukiza, kichwa kinaniuma. Nikajua tu, husda hii, watu wameliona gari, na wa kwanza Bi Zuwena jirani.

Nikazidisha udi.

Leo nimo ndani, moshi tele, kaka yangu Suleiman kafungua mlango, simu mkononi.

"Mwanaidi, toka. Aliyetuuzia kengele mpya anasema zote za aina hii zirudishwe, mbovu. Gesi ikijaa hazilii."

"Gesi gani? Mie natia udi tu."

"Na udi unautia juu ya nini?"

Nikakitazama chetezo. Makaa mekundu yananitazama.

Kengele ya kwanza nshaitoa kabatini, naifuta vumbi kwa heshima zote.

Bi Zuwena wa mlango wa pili, kama unasoma hapa, nilikununia bure. Nakuja kukuomba radhi, na zawadi nakuletea.

Si udi.